Robo Tatu ya Inchi

Kanuni ya fundi cherehani ilikuwa moja, na aliishika kuliko wengi wanavyoishika dini yao: samaki hasemwi mpaka apimwe. Mtu angeweza kurudi kutoka ziwani na samaki mkubwa kama mlango wa choo. Kama futi ya fundi haijalala juu yake kutoka mdomoni hadi mkiani, samaki huyo kwa fundi alikuwa hajazaliwa, sembuse kuvuliwa.

Watu walimwita Futi. Futi yake ya kushonea, ile ya kitambaa yenye namba nyeusi, ilining'inia shingoni mwake kutoka asubuhi mpaka anapopanda kitandani, na mkewe aliapa kwamba zipo siku ilipanda naye. Kibanda chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, pasi nzito, meza ya kukatia iliyokuwa ikiyumba, na kioo kilichomnenepesha kila aliyesimama mbele yake. Juu ya kioo alikuwa amebandika maandishi makubwa: PIMA MARA MBILI, KATA MARA MOJA. Mteja aliyeharakisha kazi alionyeshwa maandishi yale kwa kidole, bila neno.

Miezi ya joto fundi hakuligusa ziwa. Aliwaachia wenye redio, wenye boti za mashine na wachumba waliokodi mtumbwi wakiwa wanapendana na kuurudisha wakiwa hawasemezani. Lakini kipupwe kilipoingia na watu wenye akili zao wakajifunika mablanketi, fundi aliamka kabla ya jogoo, akavaa koti juu ya koti, akachukua chupa yake ya chai, akashuka ziwani akitabasamu peke yake kama mtu aliyeachiwa urithi.

Na kwa kweli ulikuwa urithi. Ukungu ulikaa juu ya maji mzito hata mtu akauona mkono wake wa kushoto na kuuchukua wa kulia kwa imani. Mpini wa kafi ulikuwa baridi kama ufunguo. Pumzi ilitoka mdomoni ikawa moshi, na fundi, ambaye hakuwahi kuvuta sigara maishani, aliutoa moshi ule kwa madaha ya tajiri. Mbu hakuna. Mashine hakuna. Mtumbwi ulipasua maji kwa sauti ya mkasi mzuri ukipita kwenye kitambaa kizuri, na chini, kwenye kina, kambare walilala wazito na wavivu, wakisubiri mtu mwenye subira kuliko wao. Vidole vilikufa ganzi, pua ilichuruzika, makalio yaligandana na ubao wa kukalia. Ukimuuliza fundi raha iko wapi hapo, alikutazama kama mtu anayetazama suruali ya dukani.

Mtumbwi ule ulikuwa wa watu wawili. Mbele alikaa fundi. Nyuma, akipiga kafi na kuuongoza, alikaa kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye maneno mengi. Walivua pamoja vipupwe kumi na saba, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa nyuma, kwa miaka kumi na saba alikitazama kisogo cha fundi kuliko alivyoitazama sura ya mkewe.

"Futi, nywele za kisogoni zimeanza kuhama," alisema asubuhi moja.

"Zinahamia wapi?"

"Masikioni. Huko zimepata kiwanja."

"Utawatisha samaki."

"Samaki hawatishwi na maneno. Wanatishwa na kisogo chako."

Hivyo ndivyo walivyoongea, mmoja akitazama mbele na mwingine akimtazama mgongoni. Wapo watu walioishi nyumba moja miaka arobaini wasifahamiane kwa kiasi kile.

Wavuvi wa kipupwe walikuwa na chama chao, watu tisa kwa jumla, na banda la mabati kando ya gati. Mwenyekiti alikuwa mwuza dawa, mwenye tumbo la heshima na miwani ya kamba. Ndani ya banda kulikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa rangi nyeupe majina ya waliopata samaki wa inchi arobaini na zaidi. Katika miaka yote ya chama majina yalikuwa manne. Wawili walikuwa wamekufa. Mmoja alihama. Wa nne alikuwa mwenyekiti mwenyewe, ambaye samaki wake alivuliwa kabla fundi hajajiunga, na alipimwa kwa macho.

Wavuvi ni waongo, hili halihitaji ushahidi. Ndiyo maana chama, kwa aibu ya ghafla ambayo hata waovu huipata mara mojamoja, kilimteua fundi awe mpimaji. Na fundi akapima. Samaki walipungua wote. Samaki wa inchi thelathini akawa ishirini na mbili. Samaki wa kusimuliwa akawa samaki wa kukaangwa. Hakumwonea mtu na hakumpendelea mtu. Kila alipopima aliishika futi ncha mbili, akaivuta ikaze kabisa, ikaze mpaka iimbe, asije mtu akasema ameilegeza kwa upendeleo. Kisha akasoma namba kwa sauti ya hakimu.

Hakuwaonea huruma hata wafu. Mwanachama mmoja alipofariki, fundi alimshonea suti ya kuzikiwa, kazi safi, bila malipo. Siku ya mazishi mwenyekiti akasimama mbele ya wafiwa, akafuta miwani, akasema marehemu aliwahi kumvua peke yake samaki wa inchi thelathini na nane. Mjane akaangua kilio. Nyuma ya umati ikasikika sauti ya fundi, ya upole na iliyo wazi: "Ishirini na sita na nusu."

Kinyozi ndiye aliyemvuta koti akamtoa nje.

"Futi, mtu amekufa!"

"Samaki hakuongezeka kwa hilo."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka kwa sababu samaki hakuwa wake. Mkuki kwa nguruwe.

Sasa, kipupwe cha kumi na nane, wiki ya pili, mshipi wa kinyozi ulikaza kwenye kina cha upande wa mawe. Alidhani umenasa kwenye gogo. Kisha gogo likaanza kutembea.

"Futi," alisema kwa sauti ndogo ambayo fundi hakuwahi kuisikia kutoka nyuma. "Futi, weka kafi chini. Usigeuke. Usipumue."

Samaki yule aliuvuta mtumbwi kama mtu anayevuta mtoto asiyetaka kwenda shule. Aliwapeleka kushoto, akawarudisha, akazama, akatulia mpaka wakadhani amekata tamaa, halafu akaondoka upya. Mshipi ulimkata kinyozi viganja. Fundi, bila kuulizwa, alivua koti la juu, na kambare alipofika ubavuni mwa mtumbwi, mweusi, kichwa kama koleo na sharubu zikipepea, alimtupia koti akamkumbatia kifuani, wakaanguka wote wawili ndani ya mtumbwi, samaki juu, fundi chini. Maji yaliingia nusu. Kinyozi alilia machozi waziwazi.

"Arobaini," alisema. "Futi, huyu ni arobaini na ushee. Niambie si arobaini."

"Hajapimwa," akasema fundi kutoka chini ya samaki.

Lakini hata yeye moyo ulimwenda mbio, na njia nzima ya kurudi, wakati kinyozi akiimba wimbo wa kanisani kwa maneno ambayo kanisa lisingeyakubali, fundi alipiga kafi kwa nguvu za kijana. Alitaka awe arobaini. Hili lisemwe kwa haki yake: alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa faida ya mtu mwingine.

Wakamlaza samaki juu ya mbao za gati. Watu wote wa chama wakaja. Mwenyekiti akaja na kikopo cha rangi nyeupe na brashi, tayari. Fundi akaivua futi shingoni, akapiga magoti, akaivuta ikaze mpaka iimbe, akasoma. Akaikodolea namba macho.

"Soma, soma," akasema kinyozi. "Namba haing'ati."

"Thelathini na tisa na robo."

Watu wakaguna.

"Pima tena," akasema kinyozi.

"Nimeshapima."

"Mkia umejikunja. Ndugu yangu, pima tena."

"Mkia haujajikunja."

"Nakuomba, Futi. Mbele ya watu nakuomba. Pima mara ya pili."

Fundi alisimama, akajifuta magoti. "Nikikuongezea robo tatu leo kwa sababu ni wewe," alisema, "kesho nitamwongezea nani?"

Lilikuwa neno zuri. Alilisema vizuri, na alijisikia vizuri kulisema, na hapo ndipo mtu mwema anapotakiwa kujishuku. Kinyozi hakuomba robo tatu. Aliomba apimiwe tena, jambo ambalo kila mwenye suruali ya kupunguza alitendewa katika kibanda cha fundi, chini ya maandishi makubwa, hata kama suruali ilikuwa ya mlevi.

Mwenyekiti, akifunika kikopo chake, akasema, "Tatizo ni kumpa kinyozi kambare. Kamnyoa sharubu! Angemwachia, zingefika arobaini!"

Gati zima likacheka. Na fundi naye, kwa bahati mbaya iliyo kubwa kuliko dhambi nyingi, akacheka.

Kinyozi aliliweka kafi lake juu ya mbao, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akambeba samaki begani, akaondoka. Hakurudi siku ya pili, wala wiki ya pili. Mjini wakambatiza Robo Tatu. Vijana waliingia dukani kwake wakakaa kitini na kusema, "Ninyoe, mzee, ila bakiza robo tatu." Alinyoa. Hakusema kitu, na kinyozi asiyesema kitu ni kama redio iliyokufa. Watu wanaitazama wasijue wafanye nini.

Nyumbani, mke wa fundi, mwanamke aliyesuka mikeka na aliyekuwa na ulimi mkali kuliko sindano zake, alimtengea chakula na kukaa mbele yake.

"Kwa hiyo, baba watoto, umeshinda."

"Sikuwa nashindana na mtu."

"Ndiyo maana umeshinda peke yako."

"Ulitaka niseme uongo?"

"Nilitaka upige magoti mara ya pili. Kwani magoti yako ni ya kukodi?"

Fundi alimaliza chakula na usiku alilala fofofo. Dhamiri yake ilikuwa safi. Dhamiri ikiwa safi kupita kiasi, mara nyingi ni kwa sababu haijatumiwa.

Kipupwe kile kikaisha bila mtumbwi. Kipupwe kilichofuata fundi hakuweza kuvumilia. Watu wa chama walikuwa na wenzao, wawili wawili, na hakuna aliyetaka kukaa hatua mbili kutoka kwenye futi ile. Basi akajaza mchanga kwenye gunia, akaliweka nyuma, mahali pa kinyozi, ili mtumbwi usimame sawa. Gunia halikuwa na maneno mengi. Alilihesabu hilo kuwa faida mpaka alipofika mbali kidogo na gati, akageuka kumwambia mtu kwamba leo ukungu ni mzuri.

Hapo alipogeuka, gunia likaegemea upande. Mtumbwi ukalifuata gunia. Fundi akaufuata mtumbwi.

Maji ya kipupwe hayana adabu. Yaliingia makoti yote mawili na kumtafuta mahali ambapo daktari huomba ruhusa kwanza. Aliibuka akipiga kelele ambayo watu wa gatini waliifananisha na mbuzi. Mwenyekiti ndiye aliyemfikia kwa mtumbwi wake, akamshika ukosi, na kabla hajamvuta ndani alimwinamia na kumuuliza kwa heshima zote:

"Hapa kina kikoje, Futi? Inchi ngapi?"

Futi ilikuwa bado shingoni, imelowa chepechepe. Alifika nyumbani akaikamua, akaitundika kwenye msumari na kuifungia pasi kwa chini ili ikauke imenyooka. Ndivyo alivyofanya kila ilipolowa, vipupwe vyote vile.

Kichwa nacho kilikuwa tatizo. Hakuthubutu kwenda kwa kinyozi, na kinyozi mwingine aliyemjaribu mtaa wa pili alimtoa na ngazi kisogoni, ngazi tatu, mtu angeweza kupanda. Baada ya hapo mkewe akawa anamnyoa uani kwa mkasi wa kitambaa.

"Tulia. Nikikosea nitakushona."

Kilipokaribia kipupwe cha tatu tangu samaki yule, meza ya kukatia ikavunjika mguu. Fundi akaamua kutengeneza mpya, ijae barabara kati ya ukuta na nguzo, isiyumbe tena. Akapima nafasi, mara mbili: inchi sitini kamili. Akamwagiza seremala wa barabara ya pili, kijana mnyamavu mwenye penseli sikioni. Meza ikaja, nzuri, imepigwa randa ikang'aa. Wakaisukuma mahali pake. Kati ya meza na nguzo ukabaki ufa ambao panya angepita na mizigo yake.

"Umenipunja mbao," akasema fundi.

"Sikukupunja, mzee."

"Niliagiza sitini. Hii si sitini. Kijana, wizi wa inchi ni wizi. Leo unaiba inchi moja na nusu, kesho utaiba nyumba."

Seremala alitoa mfukoni futi yake ya chuma, akailaza juu ya meza. Sitini. Akailaza kati ya ukuta na nguzo. Sitini na moja na nusu. Halafu akanyoosha mkono, akaiomba futi ya fundi, akailaza kando ya ile ya chuma, namba kwa namba. Mwanzoni zilikwenda pamoja. Kumi na kumi zilikuwa bado zinasalimiana. Arobaini ya fundi ilikuwa imeipita arobaini ya chuma kwa inchi nzima. Sitini ilikuwa imeaga.

"Futi yako imevutika, mzee," akasema seremala. "Imelegea kama ndala."

"Haiwezekani. Ninashona kwa futi hii. Nani amewahi kurudisha suruali?"

"Hawawezi kurudisha. Unampima mtu kwa hiyohiyo, unapima kitambaa kwa hiyohiyo. Inakosea sawasawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Uongo ukikutana na uongo wa kipimo kilekile, suruali inakaa vizuri. Hakuna mteja aliyeweza kugundua, kwa sababu kila mteja alivaa kosa lake mwenyewe. Ni samaki tu waliodhulumiwa, na samaki hawana pa kushtaki.

Seremala akaondoka. Fundi akakaa juu ya meza mpya, miguu ikining'inia, akachukua chaki akapiga hesabu juu ya mbao zilizong'aa. Thelathini na tisa na robo ya futi ile ilikuwa arobaini na karibu robo ya chuma. Akapiga tena. Arobaini na karibu robo. Akapiga mara ya tatu, maana sasa alikuwa na muda wa kurudia.

Kilichomuuma zaidi ni kujua jinsi ilivyovutika. Maji yalichangia, na pasi ilichangia. Lakini mvutaji alikuwa yeye. Kila samaki, kila kipupwe, aliivuta ikaze mpaka iimbe, asije mtu akasema anapendelea. Haki yake mwenyewe ndiyo iliyoiharibu. Nyani haoni kundule, na nyani mwadilifu ndiye haoni kabisa, kwa sababu anashughulika na ya wenzake.

Mtu mwingine angetoka pale moja kwa moja kwenda kwa kinyozi. Fundi alikwenda kwanza kwa mwenyekiti. Alitaka ubao urekebishwe, apate kitu cha kumpelekea rafiki yake mkononi, kwa maana kuomba radhi mikono mitupu ni kazi ngumu na watu waoga hupenda kuibeba ndani ya bahasha. Alimkuta mwuza dawa akihesabu vidonge.

"Samaki yuko wapi?" akauliza mwenyekiti baada ya kusikiliza.

"Aliliwa. Ni mwaka wa pili huu."

"Ubao haumpokei samaki aliyeliwa."

"Wa kwako alipimwa kwa macho!"

"Macho ya mashahidi waaminifu."

"Wako wapi?"

"Wamekufa," akasema mwenyekiti kwa majonzi, akaendelea kuhesabu vidonge.

Basi ikabaki njia moja. Jumamosi asubuhi, wakati duka la kinyozi limejaa, fundi aliingia na futi mbili, moja ya kitambaa na moja ya chuma aliyoiazima. Benchi lote likageuka. Kinyozi alikuwa na mteja mwenye povu shavu moja. Hakugeuka, alimwona kwenye kioo.

"Nimekuja kusema mbele ya watu," akasema fundi, "kwa kuwa nilikosea mbele ya watu. Samaki wako alikuwa arobaini na karibu robo. Futi yangu ilivutika. Niliivuta mimi. Ulisema kweli, na mimi niliyejiita mkweli ndiye niliyesema uongo, na nikacheka juu yake. Naomba radhi."

Alizilaza futi mbili juu ya kibao cha wembe. Mteja wa shavu moja akainuka aone vizuri. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Kumbe suruali yangu nayo ni ya uongo?" Watu wakacheka, na safari hii cheko lilimwangukia aliyestahili.

Kinyozi alimaliza shavu la pili bila haraka. Akampangusa mteja, akamwachia. Kisha akakipigapiga kiti.

"Kaa."

Fundi akakaa, na akashangaa: goti lilimfika karibu na kidevu. Miguu ya kiti ilikuwa imekatwa.

"Nani kakata kiti?"

"Seremala. Nilimwagiza inchi sita. Yule anapima kwa chuma." Kinyozi alimvisha kitambaa shingoni. Fundi akaona kwenye kioo kwamba mkono wa kulia ulipanda hadi usawa wa kifua, ukaishia hapo kama mlango uliogonga sanduku. "Bega. Lilikaza wakati wa joto. Daktari anasema kunyoa ndiyo, ila vichwa vije chini. Kupiga kafi, hapana. Si mwaka huu. Hapana kabisa."

Kinyozi akakiinamisha kichwa cha fundi.

"Mungu wangu, nani alikunyoa hapa nyuma? Hii ni nywele au shamba la mihogo?"

"Mama watoto."

"Mpe pole. Kisogo hiki si kazi ya mtu mmoja." Alinyoa upande mmoja ukaisha. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, ile ya kutoka nyuma: "Ungepima mara ya pili ungesoma ileile. Hata mara kumi. Nimekuelewa leo. Lakini ungeinama mara ya pili, Futi. Mimi hilo tu ndilo nililotaka. Robo tatu ningekuachia ukashonee mfuko."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Leo."

"Basi umewahi," akasema kinyozi, na kumkata ndevu za sikioni bila kuuliza.

Asubuhi ya kwanza ya kipupwe waliingia ziwani. Kinyozi alikaa mbele, amefungwa blanketi na chupa ya chai kati ya magoti, bila kazi yoyote isipokuwa mshipi na maneno. Fundi alikaa nyuma na kafi. Mtumbwi ulikwenda kombo kama mlevi anayetafuta nyumba, kwa sababu kuongoza ni ufundi, na fundi wake alikuwa amekaa upande usiofaa.

"Kulia, Futi. Kulia! Ule mwingine!"

Ukungu ulikuwa mzuri. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alikitazama kisogo cha kinyozi. Kilikuwa kimenyolewa vibaya sana. Hakuna anayemnyoa kinyozi kisogo.

Karibu na mawe kinyozi akapata kambare, mdogo, wa kutosha sufuria na aibu kidogo. Akamwinua kwa mkono wa kushoto, akamtazama kwa jicho moja.

"Hamsini," akasema.

Nyuma kukawa kimya. Futi haikuwa shingoni mwa fundi. Aliiacha kibandani, mahali pake, na suruali zake. Walipofika gatini mwenyekiti akawaona akasogea.

"Mpimaji! Wa inchi ngapi huyo?"

"Sikupima," akasema fundi, na kwa kuwa samaki hasemwi mpaka apimwe, hakusema zaidi.

Ule ndio ulikuwa uvuvi wao tangu hapo: siku mojamoja, karibu na gati, wakirudi mapema kabla bega halijaanza kuuma. Kwenye kina, upande wa mawe, hawakufika tena. Kule kunahitaji makafi mawili. Kutopiga magoti mara ya pili kulimgharimu fundi vipupwe viwili, na vilikuwa viwili vya mwisho ambavyo bega la kinyozi lilikuwa zima.